UZI: Istanbul kwa mguu na mshkaji wangu wa tangu Tabora (nyie mnaojifungia Laleli mnapitwa)

Mzigo_wa_Ilala:

Wakuu salaam zenu.

Kila nikirudi Istanbul naulizwa maswali yale yale, kago kilo bei gani, jeans za kike ziko duka gani, abaya je, tajiri fulani bado anakopesha? Hayo yana nyuzi zake humu, leo naongelea mji wenyewe. Maana sisi watu wa Kariakoo tunaenda kule mwaka hadi mwaka na mtu akituuliza mji ukoje tunamwambia Laleli, hoteli, Merter (mitaa mingine ya nguo), ofisi ya kago, airport, basi. Kuna dada mmoja huwa tunakutana kwenye ndege hajawahi kuiona bahari ya kule, na kutoka Laleli mpaka baharini Kumkapı ni kuteremka tu mdogo mdogo wala jasho halikutoki.

Safari hii nilimaliza manunuzi mapema nikabakiza muda wa kuzurura, na sababu ni Kiranja. Kiranja tumesoma wote sekondari Tabora, jina lilimganda bwenini kwa sababu alikuwa kiranja wa usafi na hakuwa na huruma hata kwa sisi tuliokuwa tunakula nae sahani moja. Alipata skolashipu ya serikali ya Uturuki akaenda, akamaliza, akaoa huko huko, akabaki. Miaka yote hii tumekuwa watu wa simu na meseji za Idd. Sasa tumekutana wote tuna vitambi, yeye kipara juu, mimi goti la kulia linalia kama mlango wa stoo.

Akaniambia sharti ni moja, hatupandi gari mpaka goti likatae kabisa. Nikamwambia ukiranja wako haujaisha.

Tukaanzia pale pale Laleli. Kwa msiopajua, ni mitaa ya nguo za jumla, wanauza kwa seri yaani saizi zote za mfano mmoja kwa pamoja, huchagui. Vibao vingi vina Kirusi kwa sababu Urusi ya zamani ilipovunjika miaka ya 90 wale watu walimiminika na mabegi kununua mzigo, na mtaa ukajengeka juu ya hiyo biashara, Waafrika tumekuja kuingia kwenye njia ambayo ilishachongwa. Hayo nimepita miaka yote na sikujua, kanieleza Kiranja tukiwa tunapanda kuelekea uwanja wa Beyazıt kwenye lile geti kubwa la chuo kikuu.

Ukizunguka ukuta wa chuo unatokea msikiti wa Süleymaniye. Wakuu hapa ndio nataka muende hata kama mna nusu siku tu. Ulijengwa 1550 mpaka 1557, sultani ni Suleiman na fundi ni Mimar Sinan, huyu bwana kajenga misikiti na madaraja mpaka uzeeni, kafa 1588. Kiingilio hakuna. Ndani kimya, zulia safi, mwanga unashuka kutoka juu mpaka unajikuta umekaa tu. Halafu toka nyuma kwenye ua, mji wote uko chini yako, Pembe ya Dhahabu ile (ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji), daraja, mnara wa Galata ng'ambo, meli zinakatiza. Suleiman kazikwa kwenye kaburi la kifahari humo uani. Sinan mwenyewe kajichukulia kipembe kidogo nje ya ukuta, kwenye kona ya njia, watu wanapita na mifuko yao ya sokoni hata hawageuki. Kiranja akasema "fundi wa kweli hachukui chumba cha sebuleni". Sikuwa na la kumjibu.

Kutoka msikitini unavuka njia tu, kuna safu ya vigenge vya zamani, na mnajua wanauza nini? MAHARAGE NA WALI. Wallahi. Maharage meupe yaliyochemka taratibu na siagi na nyanya, wali pembeni, pilipili za kwenye siki. Ndio chakula maarufu cha eneo lile, watu wanatoka mbali kukifuata. Kiranja kasema enzi za masultani safu hiyo walikuwa wanakaa watu wa kula kasumba (afyuni), sasa hivi kilevi kimebaki maharage. Nikamwangalia nikamwambia yaani mimi nimelipa nauli ya ndege nije kula chakula cha bweni na wewe? Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Tukaongeza sahani.

Naendelea chini, ngoja nimalizane na mteja.

kidume_halisi:

Nipo siti ya mbele. Weka picha mkuu, bila picha huu uzi ni tetesi.

Bi_Mwanakombo:

Mkuu hongera kwa uandishi. Mimi nauliza kama mwanamke, nikiwa peke yangu naweza kutembea hivyo au mpaka niwe na Kiranja wangu? Maana nasikia mambo mengi.

SeriMoja:

@Bi_Mwanakombo dada mimi naenda peke yangu miaka sasa. Mchana njia zote hizo anazosema zimejaa watu, wamama wa kituruki wako na watoto na vikapu hakuna anayekuangalia mara mbili. Wauza zulia ndio watakuita "my friend", usisimame, tembea. Usiku mimi natembea barabara kubwa tu zenye maduka wazi. Beba mtandio kwenye pochi wa kuingilia misikitini, na vaa RABA, zile njia za mawe na vilima sandozi zitakuua. Niliwahi kumuona mtu na mchuchumio pale kwenye mteremko wa Mahmutpaşa nikamuonea huruma kuliko nilivyomcheka.

Mzigo_wa_Ilala:

Nimerudi. SeriMoja kamaliza.

Picha nitatupia jioni, intaneti ya dukani leo inachechemea.

Sasa tukaingia Kapalıçarşı, lile soko lenye paa, Waingereza wanaliita Grand Bazaar. Lilianza baada ya Sultani Mehmed kuuteka mji 1453, likawa linaongezeka vyumba karne kwa karne mpaka sasa lina mitaa zaidi ya 60 ndani na maduka kwa maelfu. Mimi maoni yangu, ingieni mtazame dari na muangalie wazee wa dhahabu wanavyopiga simu kwa kelele kupanga bei, halafu mtoke. Kununua humo ni kulipia paa. Watu wa mji wananunua ukishatoka, kwenye mteremko wa Mahmutpaşa.

Mahmutpaşa ni njia nyembamba inateremka mpaka Eminönü baharini, na ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote hizo zenye foleni za watalii. Nguo za tohara za watoto, zile joho nyeupe na kofia na fimbo kama mfalme mdogo, zimening'inia duka hadi duka. Mashela ya harusi. Masufuria. Soksi kwa dazeni. Na wale wabeba mizigo, wanavaa kitu kama tandiko la punda mgongoni kimeshonwa kwa ngozi, anabebeshwa maboksi mpaka huoni kichwa, anapanda kilima kile huku anapiga mluzi upishe. Kiranja kanisimamisha kwenye kijidirisha cha chai tukanywa vile vigilasi vyenye kiuno, mkavu, hakuna maziwa usiombe. Tukahesabu watu wa darasa letu. Nani yuko wapi, nani katangulia. Kuna jina nililitaja yeye hakuwa amepata taarifa, basi tukakaa pale chai ya pili, ya tatu, jamaa wa chai wala hatufukuzi.

Hilo ndilo nawaambia kuhusu kutembea na mtu mliyekua wote. Mgeni mwenzako ataogopa kimya, atakuambia twende, tumebakiza sehemu nne kwenye orodha.

Dr_Mashaka:

Uzi mzuri ila msiupambe mji sana. Istanbul ni mji wa matapeli. Mimi nilikuwa natembea pale darajani jamaa wa kung'arisha viatu akaangusha brashi, mimi mswahili mwema nikaiokota nikampa, akashukuru weee akasema lazima anifute viatu bure, mara kaanza hadithi mtoto mgonjwa, mara anataka hela za kununua viatu vyenyewe. Na nilivaa raba! Anafuta raba na dawa ya viatu!

kidume_halisi:

@Dr_Mashaka 😂😂😂 raba nyeupe au?

Dr_Mashaka:

Zilikuwa nyeupe.

Mzigo_wa_Ilala:

@Dr_Mashaka pole sana mkuu, huo mchezo wa brashi ni wa zamani na bado unafanya kazi kwa sababu unatumia roho yako nzuri. Brashi ikianguka iache. Na ule mwingine wa Taksim usiku, mtu anakusemesha kiingereza kizuri mara twende sehemu tunywe kitu, bili ikija ni mtaji wa duka, huo ndio unaoumiza. Ila mkuu, ukiniambia utapeli nikukumbushe kwetu pia mgeni akishuka Ubungo enzi zile alikuwa anauziwa sabuni kwenye boksi la simu.

PembeMbili (Muscat):

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka huku Oman. Ndugu umeenda Istanbul kwa miguu usifike Eyüp Sultan? Pale kalala Abu Ayyub Al-Ansari, radhi za Allah ziwe juu yake, ndiye aliyempokea Mtume (SAW) nyumbani kwake Madina alipohajiri. Alitoka na jeshi akiwa mzee kabisa, akafia chini ya kuta za mji huo. Bibi yangu kazaliwa Unguja na alikuwa akimtaja katika visa vyake vya magharibi, nilipofika mimi pale nilisimama nikamsomea na bibi.

Mzigo_wa_Ilala:

@PembeMbili waalaykum salaam shekhe, tulifika, nilikuwa nalifuata kwa mpangilio. Tena tulienda kwa mguu wote kutoka Eminönü tukifuata maji, kupitia Fener na Balat. Ni mwendo mrefu, na kuna tramu mpya ya T5 inapita pale pale ufukweni, kwa hiyo anayechoka anadandia popote.

Balat zile nyumba za rangi rangi mnazoziona kwenye mitandao mimi hazikunishika sana, foleni ya watu kupiga selfi mlangoni kwa mtu. Kilichonishangaza ni kanisa la chuma. Yaani kanisa zima ni la chuma cha kuyeyusha, la Wabulgaria, vipande vilifuliwa Vienna vikaletwa kwa majahazi kupitia mto Danube na Bahari Nyeusi, vikaja kufungwa kwa nati na boliti hapo, likafunguliwa 1898. Kwa sababu ardhi ya pale ni laini, jengo la mawe lingezama. Kiranja aligonga ukuta kwa kidole, ngo ngo ngo, kama tenki. Kakaa mji ule miaka yote na alikuwa hajawahi kuingia! Nikamwambia unaona sasa, mwenyeji anahitaji mgeni.

Na jirani hapo Fener ndio makao ya Patriaki wa Waorthodoksi. Kiwanja cha kawaida tu, geti, walinzi, paka.

Eyüp tulifika alasiri. Siwezi kuandika sana, waliofika wanajua. Kuna wale watoto wa tohara na joho zao wanaletwa pale kuombewa, kwa hiyo zile nguo za Mahmutpaşa nikaja kuzikuta zimevaliwa. Kiranja aliswali muda mrefu. Mimi nilimsubiri na viatu vyake.

SeriMoja:

Na Hagia Sophia? Mbona umeruka.

Mzigo_wa_Ilala:

@SeriMoja sijaruka, nimeona bei. Mtalii analipa euro 25, tena ni ghorofa ya juu tu, tangu mwanzoni mwa 2024. Anayeingia kuswali mlango wake ni mwingine na halipi. Kiranja aliingia chini kuswali adhuhuri, mimi mkristo nikalipa nikapanda juu, kwa hiyo tulikuwa kwenye jengo moja mimi namuona kipara chake kwa chini. Lile jengo ni la mwaka 537 wakuu. Mia tano thelathini na saba. Lilikuwa kanisa, likawa msikiti 1453, likawa makumbusho miaka ya 30, likarudi msikiti 2020. Kuba lile ukitazama huoni linashikiliwa na nini. Na huko juu kwenye marumaru kuna maandishi ya kuchonga ya askari wa kutoka nchi za baridi kaskazini, walinzi wa mfalme enzi hizo, mmoja kaacha jina lake Halfdan. Ibada ilimchosha akachimba jina kwenye ukingo kama sisi kwenye madawati. Nilimsimulia Kiranja tulipotoka akasema angekuwa Tabora angefyeka nyasi wiki nzima.

Ila mwenye bajeti ndogo, Süleymaniye inakutosha kabisa, naweka msimamo wangu hapo na nitautetea.

Mlandizi_2:

Mnara wa Galata je? Ulipanda?

Mzigo_wa_Ilala:

Hapana, foleni. Ni mnara wa Wagenoa (watu wa Genoa, Italia) wa 1348, ni mzuri ukiutazama kwa nje. Tuliuzunguka tu. Kuna kilima kikali pale kutoka Karaköy, goti langu ndio likakataa rasmi, tukapanda Tünel, treni ya chini ya ardhi ya vituo viwili tu, ilianza 1875, ya pili kwa umri duniani baada ya London. Dakika moja na nusu hivi umeshafika juu. Kiranja alisimama mle ndani kanuna kama nimevunja kiapo.

Sasa niwape ile ambayo ndiyo ilinifanya nianzishe uzi. Siku nyingine tulipanda feri ya kwenda Kadıköy, unatoka Ulaya unashukia Asia kwa nauli ya daladala, dakika 20 hivi, watu wanatoka kazini wana mifuko ya nyanya, kama pantoni ya Kigamboni ila kuna mtu anapita na sinia la chai. Unanunua simit, ule mkate wa mviringo wenye ufuta, nusu unakula nusu unawarushia ndege wa baharini. Kiranja akanipa hadithi ya kwamba zamani za Wagiriki watu waliojenga upande wa Kadıköy waliitwa vipofu, kwa sababu walikuwa wanauona upande wa pili uzuri wote ule na bado wakajenga huku.

Kabla ya kufika kuna jengo kubwa limesimama majini kama ngome, kituo cha treni cha Haydarpaşa. Kilikamilika 1908, Wajerumani ndio walijenga, treni za kuelekea Anatolia zilianzia hapo. Sasa hivi kimya, paa liliungua 2010, na treni zikasimama 2013, wanakarabati. Kiranja akanyamaza akakiangalia halafu akaniambia, unajua hawa ndio waliojenga na ya kwetu. Nikasema Wajerumani ndio, hilo darasa la nne. Akasema sio Wajerumani tu, kampuni ile ile.

Nikabisha. Tulibishana mpaka feri ikafunga kamba. Kuna mtaalamu humu?

Fundi_Reli_mstaafu:

Kijana mwambie Kiranja wako yuko sahihi na umnunulie chai. Kampuni ni Philipp Holzmann ya Frankfurt. Haydarpaşa waliijenga wao na Reli ya Kati waliijenga wao. Dar es Salaam walianza 1905, Morogoro wakafika 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914 mwanzoni, vita haijaanza. Fedha nyuma yake kwa pande zote mbili ilikuwemo mikono ya Deutsche Bank. Huko Uturuki lengo lilikuwa Baghdad, huku lengo lilikuwa ziwa. Miaka ile ile, mahandisi wa nyumba moja. Mimi nimefanya kazi karakana ya Tabora, tulikuta vyuma vyao vingine bado vinafanya kazi, na mimi nimestaafu vyenyewe vimebaki.

Mliposoma Tabora mlikuwa mnashuka pale stesheni na masanduku ya chuma, sivyo?

Mzigo_wa_Ilala:

@Fundi_Reli_mstaafu shikamoo mzee wangu. Ndiyo, masanduku ya chuma na godoro limefungwa kwa kamba, tukitokea Dar, Kiranja anapandia Dodoma. Saa ngapi treni itafika alikuwa anajua Mungu. Kwa kweli mzee umenimaliza. Nimemtumia Kiranja ulichoandika, kajibu kwa sauti dakika nne nzima, kuna kucheka, kuna matusi ya bwenini siwezi kuyaweka humu, na anakusalimia. Anasema ana babu yake alikuwa gangi ya reli pande za Manyoni.

Fundi_Reli_mstaafu:

Marahaba. Manyoni nilikaa. Aniulizie jina la babu, niandikie kule kwenye ujumbe wa ndani.

Bi_Mwanakombo:

Huu uzi umetoka kwenye mashela umefika Manyoni 😂 Mkuu swali la mwisho, nikienda siku tatu za kazi nikabakiwa na Jumapili, nifanye nini?

Mzigo_wa_Ilala:

@Bi_Mwanakombo Jumapili Kapalıçarşı imefungwa na Laleli maduka mengi hayafungui, ndio maana wenzetu wanalala hotelini siku nzima. Wewe asubuhi nenda Süleymaniye, kula maharage, teremka taratibu mpaka Eminönü, nunua kadi ya usafiri ya Istanbulkart kama huna, ni hiyo hiyo kwa tramu, basi na feri, halafu vuka Kadıköy. Kule soko la samaki na mboga liko wazi na utapata bei za wenyeji. Ule mkate wa samaki wa Eminönü kula tu kwa kuonja, samaki wake ni jamii ya vibua vyetu na wengi wanasema anatoka Norway amegandishwa, kwa hiyo usitegemee samaki wa moja kwa moja kama wa soko letu la Feri, Dar. Jioni rudi na feri ukae nje upande wa kulia, ndio unaiona mji wa zamani ukiingia.

kidume_halisi:

Upande wa kushoto mkuu. Ukitoka Kadıköy kwenda Eminönü mji wa zamani unakuwa kushoto.

Mzigo_wa_Ilala:

@kidume_halisi inategemea umekaa unaangalia mbele au nyuma bana. Wewe si ulisema uzi ni tetesi, kumbe ulishafika?

kidume_halisi:

Nilifika. Nilikaa Laleli wiki, feri nilipanda kwa sababu nilipotea.